Kivumbasi Kilichodekezwa

Kwanza jua hivi: tangu nizaliwe, hakuna kitu ambacho Pandu amepewa akitunze kikamharibikia mkononi. Kasuku wa jirani yetu kule Unguja nilikaa naye mwezi mzima, akarudi kwa mwenyewe mnene, mwenye afya, na ameongeza maneno, ingawa si yote ya kusemeka mbele ya wageni. Pili, mimi si mtu wa machozi. Mara ya mwisho kulia nilikuwa darasa la pili, na lile lilikuwa jino.

Kwa hiyo Shangazi Bimkubwa aliponiita siku mbili kabla ya safari yake ya Unguja kufuata viza, sikuona ajabu. Angemwachia nani mwingine?

"Pandu, njoo baba."

Shangazi akiniita baba ujue kuna kazi.

"Naam, Shangazi."

"Vivumbasi hivi unaviona?"

"Naviona. Maskini, vina hali mbaya."

Sikuwa natania. Tulikuwa tumesimama kwenye kibaraza cha nyumba yake, ghorofa ya saba, kwenye kichochoro cha nyuma ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, China, jengo lisilo na lifti. Vivumbasi vitatu vilikuwa ndani ya makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, yamepangwa mbele ya ile mashine ya kiyoyozi inayokaa nje na kupuliza upepo wa moto. Udongo wenyewe ulikuwa mchanga na vipande vya vigae alivyookota palipokuwa pakijengwa. Mashina yalikuwa membamba na magumu kama waya, majani madogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Lakini ukivigusa kwa mkono wa shati tu, harufu inashuka nawe ngazi zote saba na kuingia nawe kwenye metro.

"Havina hali mbaya," akasema. "Ndivyo vinavyotakiwa viwe. Usivihamishe hapo. Maji nusu kikombe, na usubiri mpaka uone majani yanataka kulegea. Mbolea usivipe hata chembe. Umenisikia?"

"Shangazi, hata jela watu wanakula zaidi ya hapo."

"Pandu, umenisikia?"

"Nimesikia."

Akainama, akakwanyua jani moja kavu, akalitia kwenye pindo la kanga yake kama mtu anayeficha noti. Nikajua hapo si pa utani. Mbegu za kivumbasi kile zilitoka uani kwa mama yake, Makunduchi. Marehemu bibi ndiye aliyezifunga kwenye pindo la kanga, miaka kumi na moja nyuma, Shangazi alipokuja Guangzhou mara ya kwanza kununua mapazia. Sasa bibi hayupo, na ule ua wenyewe umejengwa nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea. Duniani kote, kivumbasi cha bibi kilikuwa kimebaki kwenye makopo matatu ya rangi.

Na Dalila, binti yake wa pekee, anayeishi mtaa wa Sanyuanli na mumewe, alikuwa anatarajia kujifungua Aprili. Mtoto wa kwanza.

"Mimi nilikandwa kwa kivumbasi hiki nilipomzaa Dalila," Shangazi akasema. "Mama alikandwa kwa hikihiki aliponizaa mimi. Mzazi wa kwetu hakandwi kwa majani ya kuokota. Mama hatamwona mtoto huyu, lakini harufu yake mtoto ataikuta. Basi hicho tu ndicho ninachokitaka, baba. Viza ikitoka narudi. Wiki tano."

"Nenda kwa amani, Shangazi. Utavikuta vinakusubiri mlangoni vimevaa kanzu."

Akanipiga kibao kidogo cha shingo, cha mapenzi, akaenda zake.

Sasa mimi nimemaliza kidato cha nne, na Baiolojia nilipata C. Si C ya kubahatisha, ni C safi, ya kusoma. Najua mmea unataka nini: maji, chakula, na usumbufu mdogo. Nikavitazama vile vivumbasi vinavyopigwa na upepo wa moto kutwa kucha nikasema, jamani, hii ni dhuluma. Shangazi ni mkali hata kwa majani. Siku ya pili baada ya yeye kusafiri nikavitoa kwenye mchanga nikavipa udongo mweusi laini kutoka soko la maua. Nikaviweka ndani ya dirisha, kwenye kivuli chepesi. Mbolea nikanunua ile ya maji, chupa ya kijani yenye picha ya mwanamke anacheka na kabichi. Nikawa namwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi.

Wewe! Vilifumka. Wiki mbili hazijatimia, majani yamekuwa mapana kama kiganja cha mtoto, kijani kinang'aa, mashina yamejaa maji. Nikavipiga picha kutoka kila upande, nikazirusha Unguja kwa Shangazi.

Floribert ndiye aliyeanza kuniharibia furaha. Huyu ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu mzima mwenye kitambi na miwani, analeta mizigo yake kwenye ofisi ya kago ninakofungia mizigo, pale barabara ya Huanshi Zhonglu, kisha anakuja kwetu kuagiza chai ya Shangazi hata Shangazi akiwa hayupo. Akaviangalia vivumbasi, akanivulia kofia.

"Eh, docteur! Lakini hii haiko dawa. Hii ni sombe. Tafuta samaki, tupike."

"Wivu tu, Papa Flori. Kisamvu gani kinapendeza hivi?"

"Mon petit, mdogo wangu, wivu ya nini? Weka basi karanga."

Nikiwa bado nacheka, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa Shangazi. "Mashaallah, vimenawiri. Mbona vimenawiri hivyo? Vinanuka?"

Vinanuka? Kusema kweli sikuwa nimenusa hata siku moja. Nikachuma jani, nikalisugua kwa vidole, nikalipeleka puani. Nikasugua tena. Floribert naye akanusa, akatikisa kichwa kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

Lilinuka maji. Kama saladi iliyooshwa.

Nikamjibu Shangazi: "Vinanuka mpaka majirani wanalalamika." Halafu nikaongeza, kama mtu anayeuliza habari za dunia tu: "Ila Shangazi, hivi kwa nini huvipi mbolea?"

Jibu lake ninalo mpaka leo kwenye simu. Nyuma yake kuku wanalia. "Pandu, harufu ndiyo dawa yenyewe. Na harufu si urembo, ni panga la mmea. Jua likiuchoma, mdudu akiutafuna, maji yakiupungukia, ndipo unanoa panga lake. Sasa wewe uulishe, uufunike, uubembeleze, utanoa panga la kumkata nani? Utanenepa tu. Kama wewe ulivyokuwa kwa bibi yako."

Sikupenda ule mfano. Lakini nilielewa. Jioni ileile nikavirudisha kibarazani mbele ya kiyoyozi, nikakata maji, nikatupa chupa ya yule mwanamke na kabichi yake. Wiki tatu bado zilikuwepo. Nikasema, tutaweka nidhamu sasa, na Shangazi hatajua kitu.

Na vingerekebika, naamini, kama si hali ya hewa. Wenye kuishi Guangzhou wanaijua ile hewa ya mwisho wa Machi, hewa ya kusini ikirudi na unyevu wake wote. Kuta zinatoka jasho. Sakafu inakuwa kama imepigwa deki na mtu asiyekausha. Unafua shati Jumatatu, Alhamisi bado linakungoja kwa huzuni. Kiyoyozi kikazimwa kwa sababu baridi na joto vilikuwa havijaamua, kwa hiyo ule upepo wa moto wa Shangazi nao haukuwepo. Majani yangu manene, yaliyojaa maji, yakaanza kuota madoa.

Sasa adui alikuwa unyevu. Na unyevu, ndugu yangu, ndiyo kazi yangu! Mimi ndiye ninayefunga viatu vya watu, visafiri baharini mwezi mzima, vifike Dar bila ukungu. Nikaleta nailoni kutoka kazini, ile ya kuzungushia mizigo. Nikazungusha kila kopo kuanzia chini hadi juu, mizunguko minne, nikavuta mpaka ikalia. Ndani nikatupia vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu, vilivyoandikwa usile. Juu nikapiga gundi ya karatasi. Kwa mazoea nikachukua kalamu nzito nikaandika: JUU HUKU. Vilipendeza kwa kweli. Ungeweza kuvipeleka hata Mombasa.

Kesho yake laoban, yaani bosi wetu, akatutuma Foshan, mji wa jirani, kwenye ghala kupakia makontena. Tulilala kulekule siku tatu.

Niliporudi nikachana nailoni ya kwanza. Nisikuchoshe. Ndani mlikuwa na joto kama la sufuria ya wali. Majani yalikuwa meusi, yameshikana, yana manyoya ya kijivu. Nikachana ya pili. Nikachana ya tatu polepole zaidi, kama kwamba polepole ingesaidia.

Nikayabeba makopo yote matatu hadi kwenye pipa la taka lililoko kati ya ghorofa ya saba na ya nane. Nikayamwaga. Halafu nikakaa kwenye ngazi kidogo kupumzisha miguu, maana Foshan tulibeba sana. Uso wangu ulikuwa umelowa, lakini siku zile kila kitu Guangzhou kilikuwa kimelowa, hata ukuta.

Akapita Ayi. Ayi ni neno la Kichina la kumwitia mama mtu mzima, kama sisi tunavyosema shangazi, na jina lake hasa sikuwahi kulijua. Anakaa ghorofa ya nane, chini ya paa, anaokota maboksi matupu na kuyauza. Kila Ijumaa namletea ya ofisini kwetu, kwa hiyo tunajuana kwa tabasamu. Akanitazama, akalitazama pipa, akasema maneno mengi. Nikasema meiyou, hakuna, leo sina maboksi, nikashuka.

Jumamosi nilikwenda soko la maua. Nilizunguka mpaka nikapata, wallahi, pacha wa kivumbasi chetu: makopo matatu ya mrehani wa Kichina, shina la zambarau kidogo, jani la saizi ileile ya zamani. Nikauhamishia kwenye makopo ya rangi, nikarudisha mchanga na vigae, nikauweka mbele ya kiyoyozi. Floribert akainama akanusa.

"Hii inanusa pizza."

"Papa Flori, nakuomba."

"Miye? Miye sikuona kitu." Akavaa kofia yake. "Lakini Mungu, yeye ameona. Na miye sina namba ya Mungu ya kumwambia anyamaze."

Shangazi akarudi na mafua aliyoyapata ndani ya ndege, pua zote mbili zimefungwa. Mwenyezi Mungu ana huruma, nikasema moyoni. Akaenda moja kwa moja kibarazani kabla hajavua viatu, akaviona vidogo, vikavu, vimekaa mahali pake. Akanigeukia na kunishika uso kwa mikono miwili.

"Umevirudisha kwenye adabu. Mwanangu. Wewe una mkono wa bibi yako."

Kibao ningekipokea vizuri zaidi.

Kesho yake akachemsha maji, akatia majani, akajifunika shuka kujifukiza. Nilisimama jikoni nikisikiliza. Kivumbasi cha bibi dakika mbili tu kinakufungua kifua mpaka unasikia mawazo ya jirani. Dakika kumi zikapita. Shangazi akatoa kichwa kwenye shuka, jasho linamtoka, akaitazama sufuria.

"Mbona siyo?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni hewa ya hapa, Shangazi. Si wewe mwenyewe umesema mmea unakuwa vile unavyoishi? Ule unyevu ulikuwa mkali mwaka huu. Labda vimebadilika."

Hakunikatalia. Angenikatalia ningefurahi. Akakunja shuka pembe kwa pembe.

"Labda," akasema. "Miaka kumi na moja. Hata sisi tumebadilika, kwa nini kivumbasi kisibadilike?"

Kuanzia siku hiyo alikuwa akipita kibarazani bila kusimama.

Na Ayi naye hakuniacha. Kila nikikutana naye kwenye ngazi ananishika mkono, anaonyesha juu, anasema, anaonyesha juu tena. Namwambia Ijumaa, Ayi, Ijumaa nitaleta. Ijumaa namletea maboksi mara mbili ya kawaida. Anayapokea, anatikisa kichwa, anaonyesha juu. Nikamwambia Floribert yule mama sasa ana tamaa. Floribert akasema kila mtu hapa Xiaobei ana tamaa, hata makopo.

Dalila akajifungua mwisho wa Aprili, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mwenye sauti ya dalali. Mumewe Gharib akamwacha kwetu akandwe arobaini zake kwa mama yake, na kupandisha mzazi ghorofa saba ilikuwa shughuli: Gharib mbele na mtoto, mimi nyuma na mabegi, Dalila katikati akisimama kila ghorofa kutusema.

"Pandu, ukinicheka naanguka, na nikianguka nakuangukia wewe."

"Niangukie, dada. Mimi ni nailoni, navumilia mizigo."

Asubuhi yake Shangazi akabandika maji ya kumkandia. Akaenda kibarazani na kikapu kidogo, akarudi na yale majani, akayaweka mezani. Hakuyatia. Alikaa akiyatazama, mkono shavuni, mvuke unapanda nyuma yake.

"Mama, si utie tu," Dalila akasema kutoka kitandani. "Harufu yake nilikuwa naijua mimi, mtoto hajui. Hatadai."

"Mimi ninajua," Shangazi akasema. "Nilimwahidi mama." Akachukua majani, akanyanyua mfuniko.

"Shangazi, subiri," nikasema.

Sijui ningesema nini baada ya hapo. Napenda kuamini ningesema kweli. Lakini mlango ukagongwa, na kabla sijaufungua, nilisimama pale na kitasa mkononi, nywele zimenisisimka. Harufu ilikuwa imepita chini ya mlango. Kali, chungu, yenye kuchoma macho, Makunduchi nzima saa nne asubuhi baada ya mvua kukata.

Nikafungua. Ayi alikuwa amekumbatia boksi jeupe la povu, lile la kubebea samaki. Ndani mlikuwa na vifusi vya matofali na mchanga wa paa, na katikati kivumbasi kimoja, kifupi, kibaya, kimechomwa na jua na kupindwa na upepo wa juu kabisa wa jengo, majani kama kucha ya kidole cha mwisho.

Shangazi alikuwa ameshaacha mfuniko ukaanguka. Akaja, akaingiza uso wake mzima kwenye lile boksi, na hakuutoa.

Ayi akafurahi sana. Akatoa simu yake, akazungumza nayo kwa Kichina kirefu, akainyanyua juu ili sote tusikie. Simu ikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke anayesoma taarifa ya habari:

"Kijana huyu alitupa mimea kwenye taka. Shina moja lilikuwa bado hai. Nililiweka juu ya paa kwenye jua. Nilimwambia kijana mara nyingi. Kijana ananipa maboksi tu."

Dalila akanigeukia. Hata mtoto.

"Pandu," Shangazi akasema, uso bado uko kwenye majani.

"Naam, Shangazi."

"Hewa ya hapa?"

"Unyevu, Shangazi, ulikuwa mkali, nikasema nivifunge kidogo na nai..."

Lakini simu ilikuwa bado wazi. Ikayachukua maneno yangu, ikayageuza Kichina, Ayi akayasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. Hapana, hapana. Akazungumza tena.

"Kijana alikaa kwenye ngazi," ikasema ile sauti ya taarifa ya habari. "Kijana alilia muda mrefu. Alikuwa analiambia pipa la taka maneno. Mimi sijui maneno hayo. Nadhani aliomba msamaha."

"Si kweli," nikasema. "Lilikuwa jasho. Miguu ilikuwa inauma. Foshan tulibeba..."

Ayi akaona simu haitoshi. Akanikabidhi boksi, akakaa kwenye kigoda cha Shangazi, akaweka viwiko magotini, akatumbukiza uso mikononi. Mabega yakaanza kumcheza. Akavuta kamasi kwa nguvu, akajifuta pua kwa mkono wa shati, kwanza wa kulia halafu wa kushoto, akainua kichwa kulitazama pipa lisilokuwepo, midomo inatetemeka.

"Ni yeye!" Dalila akapiga kelele, ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Ndivyo anavyolia tangu mdogo, kulia kisha kushoto! Jamani mnaniumiza, nimetoka kuzaa!"

Shangazi akainua uso kutoka kwenye majani. Macho yake mekundu, na mimi nilikuwa tayari kusema ni ukali wa kivumbasi. Akanitazama, akamtazama Ayi aliyekuwa bado analia vizuri kuliko mimi mwenyewe, kisha akanivuta kwa sikio mpaka kwenye sufuria.

"Chuma," akasema. "Majani matatu tu. Na ukithubutu kulimwagilia shina hilo, nitakufunga nailoni wewe."

Nikachuma. Macho yakanilowa tena, na wote wanne, pamoja na mtoto, walikuwa wananitazama.